Kopo ya Maji mu Motokari

Butembo, Mususa, 11 Februari 2024

Mutoto yangu Muyisa,

Salamu kwako, kwa Ornella muke yako, na kwa mujukuu yangu Bénie mwenye mashavu ya mukate. Huku niko muzima. Baridi ya Mususa unaijua: asubui ukungu inaingia mu nyumba bila kubisha, inakaa ku kiti sawa mugeni, inangoja chai. Maharagi imetoa maua. Mbuzi ya jirani ilikula kitenge yangu ya Noeli. Nikaenda nikamwambia jirani: "Mbuzi yako sasa inavaa muzuri kukupita." Tulicheka sana, lakini kitenge ilienda.

Bon. Ésaïe wa minibus, mwenye anabeba hizi barua, aliniambia kama patron Paulin amekupatia motokari yake ya taxi, utaiendesha mu muji ya Beni kila siku. Muyisa! Nilikaa chini. Kisha nikasimama, juu habari sawa ile mutu hawezi kuibeba akiwa amekaa. Nilizunguka soko yote. Nilisema kwa bamama ba mboga ya poireaux, kwa bamama ba makala ya kupikia, na kwa Mariette, dada ya Paulin, mwenye anauza bitenge hapa Butembo. Nikamwambia: "Mariette, mwambie kaka yako ashukuru Mungu. Mutoto yangu akikamata usukani, esanse yenyewe mu tanki inaona haya kuisha. Kopo moja inazunguka Beni muzima na inabakia ya kuwashia taa." Mariette alifungua macho sawa sahani.

Usiniulize tena juu ya nini sipige simu. Simu iko mu sanduku, chini ya mashuka, na itabakia pale. Ule mwanamuke wa mu simu, mwenye anasemaka namba haipatikane, sitaki kusikia sauti yake. Barua ni muzuri. Inangoja mutu aifungue, haimukatie maneno.

Jana niliota motokari yako. Ilikuwa inashuka huku Rughenda, ku kiwanja ya ndege, polepole, mapira haigusi udongo, na ukungu inafunguka mbele yake sawa pazia. Mbele, pembeni yako, kulikuwa mutu. Sikuona sura yake. Ni nani ulipakia? Uniandikie.

Mimi mama yako, mwenye anatembea kichwa juu


Beni, 2 Machi 2024

Mama yangu mupenzi,

Nakuamkia na heshima. Ornella anakuamkia pia, anasema sombe yako, ile majani ya muhogo ya mukono yako, anaikosa sana. Bénie amengoka meno mbili ya mbele, sasa anaimba mu kanisa na upepo. Joto ya Beni ni ile ile. Saa sita, hata kivuli inatafuta kivuli.

Mama, ile kinywa yako! Mariette alimupigia Paulin simu siku ile ile. Unajua, Paulin anapima esanse kila asubui mu bidon ya manjano, na ku bidon alichora alama nyekundu. Kisha ile simu, alikuya na rangi, akachora alama ingine chini ya ile ya kwanza. Nikamuuliza:

"Patron, hii ni nini tena?"

"Mama yako amesema kopo moja inatosha. Mimi nimekupatia bidon. Sema asante."

Nilicheka mbele yake. Nyumbani sikucheka. Juu ile motokari inakunywa, Mama, inakunywa sana. Boulevard ya Beni saa ya soko si njia, ni batu. Pikipiki mbele, pikipiki nyuma, tshukudu ya mbao inasukumwa na mizigo katikati, camion kubwa ya kakao inageuka pale pale na shofere yake anasalimia bandugu. Unaenda kidogo, unasimama. Unakanyaga esanse, unakanyaga frein. Motere inalia, moshi inapanda, esanse inaenda, na wewe ungali mbele ya duka ile ile.

Paulin amesema wazi. Kama mpaka Pentekote esanse inaendelea kuisha mbele ya kazi kuisha, atapatia mwingine funguo. Na mimi ataniweka ku camion yake ya mbao, Eringeti kwenda na kurudia, ile njia ya batu ba bunduki mu pori. Mama, ni njia ile yenye Kitsa alipita nayo na camion ya patron yake. Miaka mbili sasa. Camion ilipatikana, kaka yangu hapana. Ornella akisikia jina Eringeti anaacha chakula. Mimi siache chakula, lakini sitaki kwenda. Na kazi ingine hapa hakuna.

Utuombee.

Mutoto yako, Muyisa


Butembo, Mususa, 17 Machi 2024

Mutoto yangu Muyisa,

Salamu mingi. Mwambie Bénie meno itarudia, na ikirudia itakuwa ya bibi yake, ya kuvunja muwa. Hapa mvua imeanza. Mapadri walitengeneza paa ya kanisa, na mimi njo nilipikia bafundi. Mumoja aliniuliza kama niko na binti wa kuoa, juu ya ile maharagi. Nikamwambia ndoa haipatikane mu sahani. Lakini nilimuongezea.

Sasa. Kinywa yangu haina kosa. Nilisema ukweli mbele ya wakati yake, njo tu. Sasa tutaleta wakati.

Unajua nilisoma mpaka mwaka ya ine ya primaire. Lakini wakati nilikuwa mutoto kule Lubero, maji ilikuwa chini kabisa, mu bonde. Tulikuwa tunapanda na beseni ku kichwa, beseni haina kifuniko. Wenzangu walikuwa wanafika ku nyumba na nusu, shingo imelowa. Mimi nilifika na beseni imejaa. Sikukuwa na nguvu kuwapita, na sikukuwa mbio. Wao walikuwa wanakimbia kisha wanasimama, wanakimbia tena, wanasimama tena, na maji haipende ile. Mimi nilikuwa naangalia mbali, si ku miguu. Nikiona ngombe kule mbele inakata njia, sikukimbia niende kuingojea. Nilipunguza hapa hapa. Na wakati nilifika, ngombe ilishapita, nikaendelea tu. Mama yangu alikuwa anasema: huyu mutoto anatembea sawa amelala.

Esanse ni maji, Muyisa. Weka kopo ya maji mbele yako, pale chini ya kioo, uijaze muzuri. Ikimwangika, jua umemwanga esanse ya Paulin. Motokari ya mbele ikikimbia kwenda kusimama, muache akimbie peke yake. Acha nafasi mbele yako, na uingie mu ile nafasi polepole, sawa mutu anaingia mu kanisa na sala ilishaanza. Utaniambia: Mama, pikipiki itaingia mu ile nafasi. Iingie! Yule naye eko na mama yake.

Na mapira uyapompe. Baba yenu, Mungu amulaze, alikuwa anabeba viazi na kinga, ile baiskeli yake, na siku pira ililegea, jasho ilikuwa mara mbili. Tena utoshe, ushushe chini, ile chuma ya mizigo ya juu ya motokari, na ile magunia yenye hakuna mutu anaidai. Nani anatembeaka na kitanda ku mugongo?

Juu ya ile njia, sitaki tuseme. Hautaenda. Njo jibu yangu yote.

Kuna jambo ingine, ndogo. Majirani wameanza kuniita Mama Muyisa. Wote, siku moja, sawa walifanya mukutano. Miaka yote nimeitwa na jina ya mutoto yangu wa kwanza. Wanafikiri ile jina inaniumiza, basi wameitosha mu kinywa yao. Wewe ni jina muzuri, hapana kasirika. Lakini nikiitikia, nasikia sawa wamefunga mulango ya nyumba na mutu angali inje.

Mimi mama yako


Beni, 14 Aprili 2024

Mama,

Nakuamkia. Sisi wote tuko muzima. Bénie anakutumia picha ya mbuzi yenye imevaa kitenge, alichora yeye.

Nimeweka kopo. Siku ya kwanza nilifika ku soko suruali imelowa mpaka ku goti. Mama mumoja wa samaki, mwenye alikaa mbele, aliniuliza:

"Shofere, ile maji ni ya kiu ao ni dawa?"

"Ni mwalimu yangu, Mama."

"Ee! Mwalimu anakukojolea?"

Motokari yote ilicheka. Nikawaelezea kama ni mawazo ya mama yangu wa Butembo, na ule mama wa samaki akasema: "Basi tumuheshimu." Toka ile siku baclient banachunga kopo kunipita. Nikikanyaga frein na nguvu, wanalia wote pamoja: "Maji! Maji, shofere!" Jana muzee mumoja alikataa kushuka mbele ya kuona kama tutafika ku muzunguko ya rond-point bila tone kuanguka. Tulifika. Alipiga makofi.

Na ni kweli, Mama. Sasa mu embouteillage, motokari zikibanana, sisimami sana. Naona kule mbele camion inageuka, natosha muguu ku esanse mapema, motokari inaenda yenyewe na uzito yake, polepole, polepole, na wakati nafika, njia imefunguka. Kelele yote inakuwa mbali. Pikipiki inapita sawa samaki. Kopo inatetemeka tu, duara ndogo katikati, na mimi naona sawa siko shofere tena, niko mutu mwenye amebebwa. Mapira nilipompa. Chuma ya juu nilitosha. Shida ni démarreur, ile ya kuwasha motere, iko mugonjwa. Ukizima motere, lazima batu basukume. Basi sizime hata kidogo.

Sasa sikia. Muchana esanse inatosha, na inabakia. Lakini nikirudisha motokari, tanki iko kavu. Paulin ananiangalia sawa mwizi. Aliniuliza mbele ya batu: "Muyisa, unauzia nani esanse yangu?" Mama, siuze. Unanijua. Lakini inaenda wapi, siwezi kumwambia Paulin, na wewe pia sitakuandikia. Usiniulize.

Pentekote iko karibu.

Muyisa


Butembo, Mususa, 5 Mei 2024

Mutoto yangu,

Barua yako ilikawia. Njia ilifungwa, Ésaïe alikwama kwenu, barua ikabakia mu mufuko ya shati yake. Ilifika na jasho. Salamu kwa Ornella. Mbuzi ya Bénie nimeibandika ku ukuta, jirani ameiona, ameomba musamaha mara ya pili.

Ulisema nisikuulize. Sikukuuliza wewe. Nilimuuliza Ésaïe. Nilimuwekea sombe, nikamuwekea maharagi, nikamuwekea tena, mpaka akashindwa kufunga kinywa.

"Mama, mimi nilimuona," akasema.

"Wapi?"

"Boikene, mwisho ya muji, ku barrière ya basoda, ku njia ya Eringeti. Jua inaanza kushuka. Motokari iko pembeni ya njia, ndani hakuna client, motere inazunguka. Yeye anaangalia njia tu."

"Siku moja?"

"Mama, wakati yote nilikwama Beni, kila siku nikipita kule."

Nikatosha sahani yake, nikaenda kuisafisha kule nyuma. Niliisafisha sana.

Muyisa, sitakuuliza unangoja nani. Mimi pia namungoja. Ku meza yangu naweka sahani mbili kila jioni. Batu wakiuliza, nasema ni ya mugeni. Si ya mugeni. Ni ya Kitsa. Angalia, nimeandika jina yake na kalamu haikuvunjika. Kitsa yangu! Mutoto mwenye alikuwa anaweza kugeuza camion mu uwanja ya kuku na kuku zisiamke. Hapa Butembo hakukuwa shofere sawa yeye, na mwenye anabisha akuye anibishie hapa ku mulango.

Namuotaka. Anatembea mu ile njia, biatu mu mukono, udongo nyekundu ku miguu, hana haraka. Ananiona. Anafungua kinywa anasema kitu. Lakini kila mara kuna kelele, sawa mashini ya kusaga unga, haiishi, na sisikie anasema nini. Naamuka na ile kelele mu masikio. Miaka mbili sikujua ni kelele ya nini.

Zima motere, Muyisa.

Sisemi uache kungoja. Ungoje. Mutu mwenye anangojewa ni mutu eko. Lakini uzime. Esanse itabakia, Paulin atanyamaza, hatakupeleka ku ile njia. Na kama kaka yako anaita, utasikia.

Mama yako


Beni, 26 Mei 2024

Mama,

Nakuamkia na heshima yote. Barua yako niliisoma mu motokari, pale pale Boikene, na motere inazunguka.

Nitakuambia juu ya nini sikuwa nazima. Nilikuwa nafikiri: kama Kitsa anatoka mu pori anakimbia, na nyuma yake kuna batu, motokari lazima iwe tayari. Démarreur itakataa, na mimi nitakuwa nimemukosa juu ya démarreur. Kila siku niliona ile picha. Basi niliiacha inakunywa.

Nilikamata funguo. Nikaangalia njia mara ingine. Kisha nikageuza.

Mama, kimya ilikuya sawa maji inaingia mu chumba. Kwanza nilisikia motere inapoa, tik, tik. Kisha pumuzi yangu. Kisha bitu byote bikaanza kukuya, kimoja kimoja: mwanamuke anatwanga mahali, korali ya Baprotestanti inajifunza wimbo na inakosea pale pale kila mara, radio ya basoda ku barrière inaimba Lingala, vyura, mutoto anaita mbuzi. Na nyuma ya ile yote, njia. Njia nayo iko na sauti, Mama, sikukuwa najua. Ni sawa mutu analala.

Kitsa sikumusikia. Lakini ile siku, kwa mara ya kwanza, nilijua kama sikumusikia. Mbele sikukuwa hata najua.

Chef wa barrière alikuya na bunduki ku mugongo, akagonga mulango.

"Petit, leo motokari yako imekufa?"

"Hapana, chef. Imelala."

"Unangojaka nani hapa?"

Nilimwambia. Alivua kofia yake, akaikunja mu mukono, akaita bandugu yake, wakanisukuma wote mpaka ikawaka. Sasa naweka motokari pale njia inashuka kidogo, uso kwa muji. Naachilia frein, inatelemuka, inawaka yenyewe.

Siku ya mbele ya Pentekote, Paulin aliingiza kijiti mu tanki. Akakitosha, akakiangalia, akakinusa sawa mutu ananusa pombe ya mwenzake.

"Kumbe mama yako hakudanganya," akasema.

"Hajadanganyaka hata siku moja, patron."

(Mungu anisamehe ile.)

Kisha nikamwambia ukweli yote, Boikene na motere. Funguo aliniachia. Camion yake ya mbao iko ku parcelle, mu uwanja ya nyumba yake, kuku zinalala chini yake, anasema itangoja mpaka njia ipone. Asubui yake nilikuta amefuta alama ya chini ku bidon, amerudia ku ile ya kwanza. Nikamwambia, patron, siitaji tena yote ile. Akajibu na kuangalia pembeni: "Esanse ya juu ni ya kaka yako. Siku akikuya, umuzungushe muji muzima, na usimubanie."

Mutoto yako, Muyisa


Butembo, Mususa, 9 Juni 2024

Mutoto yangu Muyisa,

Salamu kwenu wote. Wasingya kutsibu, asante sana! Nilisoma barua yako kwa sauti mu duka ya Mariette, na ile fasi ya kijiti niliisoma mara mbili, juu kulikuwa bamama benye walichelewa kuingia. Nimewaambia: "Nilisema kopo moja. Muliona?" Mariette alitaka kunikatia kitenge kwa furaha. Nilikataa kidogo, kisha nikachagua ya bluu, ya maua mukubwa. Ile ya mbuzi haikufika hata ku goti yake.

Nakuya Beni na Ésaïe siku ya posho, njo Jumamosi. Nimeshamwambia aende polepole. Nitakuya na maharagi, na sombe ya Ornella, na simu. Nimeitosha mu sanduku, nimeijaza umeme kwa jirani. Sijaiwasha, namba ya Kitsa ingali ndani. Tutaiwasha pamoja.

Utakuya kunikamata na ile motokari, tutapita boulevard saa ya soko, mu embouteillage yenyewe, batu wanione. Nitakaa mbele. Kopo uipatie mimi, nitaishika mu mikono, ijaze mpaka ku mudomo, na utaona mwanamuke wa Lubero. Ile ndoto ya motokari mu ukungu, nilikuuliza ni nani ulipakia mbele. Ni mimi. Sikujitambua, nilikuwa nimetulia sana.

Kisha tutaenda Boikene. Utazima. Tutasikiliza na masikio ine. Kiti ya nyuma uikaushe muzuri, na usipakie mutu.

Asubui majirani walinisalimia: "Mama Muyisa, unafunga mizigo?" Nikaweka gunia chini, nikasimama mu mulango, nikawaambia: "Niko na batoto wawili. Mumoja ni shofere Beni. Mwingine angali njiani. Muniite vile mulikuwa munaniitaka."

Kisha mama mwenye ile mbuzi, yeye wa kwanza, akaniita. Akaniita tena, na nguvu, mpaka kule chini ku bafundi ba mbao wakainua kichwa. Nikaitikia.

Ni mimi mama yenu,
Mama Kitsa